Dishi Lielekee kwa Tembo

Kama unataka kujifunza namna ya kurekodi mpira wa kwenye televisheni na kuuweka nyumbani, bila shaka umeshashindwa ubishi mmoja kijiweni na sasa unatafuta ushahidi. Simjui mtu mwenye akili timamu aliyenunua diski ya TB 1 kwa sababu nyingine. Wenzetu watasema wanahifadhi historia. Sisi wa kijiji cha Idodi, Iringa, tunataka tu kumwonyesha mtu fulani, ambaye jina lake tunalo na nyumba yake tunaijua, kwamba ile haikuwa ofsaidi.

Ubishi mkubwa kuliko wote hauna picha, na hapo ndipo tatizo letu lilipoanzia. Mwaka 1977 Simba waliwafunga Yanga mabao 6-0, Abdallah Kibadeni akipachika matatu peke yake. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara tulikuwa na redio, na televisheni tukaisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo wazee wa Simba wamerithi mechi inayozidi kukolea kila mwaka, maana hakuna mkanda wa kuwakata kauli. Bao mojawapo la Kibadeni, kwa simulizi ya baba yangu mdogo, lilipigwa kutoka mita 20 nilipolisikia mara ya kwanza. Sasa limeshafika katikati ya uwanja, na afya ikimruhusu, litaanzia kwenye goli la pili.

Usidhani ni uzembe wetu peke yetu. Wamarekani walicheza Super Bowl yao ya kwanza Januari 1967, ikaonyeshwa na vituo viwili vikubwa kwa mpigo, CBS na NBC, na hakuna hata kimoja kilichobaki na mkanda kamili. Mikanda ilikuwa ghali, wakaifuta ili waitumie tena. Miaka mingi baadaye mkanda ukaja kupatikana darini, kwenye nyumba ya mtu wa kawaida huko Pennsylvania, nao una mapengo: sehemu kubwa ya robo ya tatu haimo. Na huko Philadelphia kulikuwa na mama mmoja, Marion Stokes, aliyerekodi televisheni usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki mwaka 2012, akaacha mikanda kama 70,000. Nilipomsimulia mke wangu habari za mama huyo nilitaka kumwonyesha kwamba mimi bado ni mtu wa kiasi. Alichosikia yeye ni kwamba ugonjwa huu hauna tiba.

Tuanze na dishi. Fundi wa mjini atakuja na dira ya kwenye simu, atazunguka ua wako kama anayetafuta kaburi lililopotea, kisha atakudai nauli ya kwenda na kurudi. Okoa fedha yako. Satelaiti inayobeba chaneli za Azam ipo nyuzi 7 mashariki, na sisi tupo karibu na nyuzi 35. Maana yake dishi la hapa kwetu linatazama magharibi, likipinda kidogo kaskazini, na macho yake yameinuliwa kama nyuzi 56. Sasa simama barabarani, ile ya Iringa kwenda Msembe, ujiulize upande huo kuna nini. Kuna Hifadhi ya Ruaha. Kwa hiyo kanuni ya Idodi ni nyepesi: uliza tembo hutokea wapi wakija kula mpunga, dishi lielekee huko. Rekebisha taratibu, mtu mmoja juani, mwingine ndani akisoma namba za mawimbi kwa sauti. Usimweke mtoto ndani. Mtoto akikuta katuni hatakujibu tena.

Satelaiti ya DStv ina mambo yake. Ipo nyuzi 36, karibu kabisa na utosi wetu, na dishi lake hapa kijijini hukaa limetazama juu kama mtu anayesubiri embe lidondoke.

Usije ukanunua dishi la sentimita 60 kwa sababu limekaa vizuri kwenye bodaboda. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na ligi nayo imejipachika humohumo. Mawimbi ya chaneli hizi yana urefu wa sentimita mbili unusu hivi, na tone la mvua kubwa huyameza kama bata anavyomeza dagaa. Dishi la sentimita 90 linakupa akiba. Wingu likija kutoka upande wa hifadhini bado utanyang'anywa picha, lakini kwa dakika tano badala ya kipindi kizima.

Umeme sitaueleza sana, kila mtu anao uzoefu wake na matusi yake. Kumbuka tu kwamba mwongozo wowote wa kurekodi unaanzia kwenye luku. Mpiga picha hodari kuliko wote duniani hawezi kurekodi kwa uniti 0.3. Ukitaka usalama, weka betri ya amperi-saa 70 na inverta. Televisheni ya inchi 32 hula kama wati 50, king'amuzi 15, diski inayobebwa wati tatu hivi. Piga hesabu ya saa mbili na nusu, unapata kama wati-saa 170, na betri hiyo ya volti 12, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa zaidi ya 400. Tena siri ni hii: kinachorekodi ni king'amuzi. Televisheni unaweza kuizima kabisa, na matumizi yote yakabaki wati 20. Nilijaribu kuwaeleza hivyo watu kumi na wanne waliokuwa sebuleni kwangu siku umeme ulipokatika. Niliwaambia tuzime kioo, mechi inarekodiwa, tutaiangalia vizuri kesho. Sikurudia kusema hivyo.

Sasa tufike kwenye saa, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo Waswahili wengi tulipozikia mechi zetu.

King'amuzi hakijui Kiswahili. Wewe umesikia redioni kwamba mpira ni saa 11 jioni. Unafungua orodha ya kurekodi, unakuta nafasi ya kuandika saa, unaandika 11:00, unakwenda shambani na moyo mweupe. Ukirudi unakuta umehifadhi saa mbili za mapishi ya pilau na mahojiano na bibi harusi. Saa 11 jioni yetu, kwa king'amuzi, ni 17:00. Saa 1 usiku ni 19:00. Saa 4 usiku, ile ya mechi za Afrika zinazochezwa kwa Waarabu, ni 22:00. Ukizidi saa 6 usiku tarehe nayo inabadilika, na hapo nakushauri ukeshe tu.

Ukishajifunza hilo ukadhani umehitimu, utakutana na king'amuzi kinachofuata saa za Greenwich. Hicho kipo nyuma yetu kwa saa tatu. Dabi ya saa 11 jioni kwake ni 14:00. Mimi nilikuwa na kimoja cha namna hiyo, nikarekodi kwa uaminifu robo tatu ya msimu wa uchambuzi wa baada ya mechi. Ninajua alichosema kila mchambuzi kuhusu mabao ambayo sijawahi kuyaona.

Njia ya kujihami ni ya kienyeji. Siku moja kabla, agiza king'amuzi kirekodi taarifa ya habari ya saa 2 usiku, dakika tano. Ukikuta habari, saa yako ni nzima. Ukikuta tamthilia ya Kituruki, kahesabu upya. Mechi yenyewe ianzishe robo saa kabla ya filimbi na uongeze saa nzima baada ya muda wa kawaida, kwa ajili ya majeruhi wanaogaagaa, marejeo ya VAR, na penalti. Mtu anayerekodi dakika 90 kamili hajawahi kuuona mpira wetu.

Kuhusu chombo cha kuhifadhia, kuna flashi na kuna ile diski inayobebwa ambayo vijana huiita eksteno. Flashi za kando ya barabara zina muujiza wake. Unauziwa TB 2 kwa bei ya nusu kilo ya nyama, unaichomeka, nayo inajitambulisha kabisa kwamba ni TB 2. Ndani ina GB 8. Ikishajaa hailalamiki, inaandika juu ya yale yaliyotangulia, na wewe unaendelea kurekodi msimu mzima kwa furaha. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza flashi mpaka ukingoni kisha kuisoma tena ili kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Itumie kabla muuzaji hajahama kona.

Halafu kuna tatizo la GB 4. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo hauruhusu faili moja kuvuka GB 4. Ving'amuzi vingine vina busara, vinakata faili na kuanza jingine. Vingine vinanyamaza tu. Chukua chaneli inayotuma megabiti 5 kwa sekunde: faili linajaa baada ya dakika 114 hivi. Kama ulitii ushauri wangu ukaanza robo saa kabla, toa robo saa hiyo, toa kipindi cha kwanza na nyongeza yake, toa mapumziko. Unabaki na dakika 36 za kipindi cha pili. Mechi yako inaishia dakika ya 81. Dawa ni kuipanga upya flashi kwa mtindo wa exFAT au NTFS, kama king'amuzi chako kinaukubali, kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta. Hesabu hii sikuikuta kitabuni. Nitakueleza nilivyoipata.

Ving'amuzi vingi vya kulipia pia hufunga kilichorekodiwa kwa kufuli, kikawa kinafunguka kwenye king'amuzi kilekile tu, na pengine mpaka kifurushi kiwe hai. Usikasirike. Haki za kuonyesha ligi yetu zilinunuliwa na Azam mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6, kwa miaka 10, na mtu aliyetoa fedha hiyo hawezi kukuachia wewe uichukue kwa flashi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina ugomvi na mtu anayejiwekea nakala ya kuangalia mwenyewe nyumbani. Ugomvi unaanza ukiweka benchi nne, ukatundika turubai na kutoza shilingi 500 mlangoni. Hapo umefungua kibanda umiza, na kibanda umiza kina masharti yake. Watu wangu kumi na wanne hawalipi kitu. Wanakunywa chai yangu.

Uhifadhi wenyewe si kazi ngumu ukiwa na nidhamu, ndiyo maana umenishinda. TB 1 inabeba kama mechi 150 za ubora huo. Simba na Yanga kila mmoja ana mechi 30 za ligi, kwa hiyo diski moja itakufikisha katikati ya msimu wa tatu, ukikataa kuchanganya na picha za harusi. Uyape mafaili majina ya maana. Ukiandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Mimi nilianza na "mpira mpya", nikaendelea na "mpira mpya 2", na hadi leo lipo faili liitwalo "ule" ambalo sina ujasiri wa kulifungua. Matokeo usiyaandike kwenye jina la faili, utamharibia asiyeangalia. Na baba mdogo asikae karibu na kompyuta, kwa sababu hubadilisha.

Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Ya kwangu ipo kwa shangazi Kihesa, mjini, ndani ya kabati la vyombo, chini ya vikombe vya wageni. Kuipeleka huko ni safari ya vumbi. Diski yenye sahani inayozunguka haipendi kutikiswa inapofanya kazi, kwa hiyo iache ipoe, uizungushie kanga, uipakate kama mtoto. Zile zisizo na sahani hazijali mtikisiko, ila nazo ukizisahau kabatini miaka na miaka bila umeme zinaweza kusahau zilichopewa kukikumbuka, kama sisi. Joto la huku bondeni halisaidii yoyote kati ya hizo. Usiweke diski juu ya king'amuzi kwa sababu tu kuna kitambaa kizuri kilichofumwa.

Utaniuliza mimi nashabikia nani. Mimi ni mtu wa Lipuli, timu yetu ya Iringa, Wanapaluhengo, na kwa hiyo sina ugomvi na mtu. Juni 2019 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi, Azam FC wakatufunga 1-0, mwaka uliofuata tukashuka daraja. Tangu hapo narekodi furaha za watu wengine. Ndiyo sababu ninaaminika.

Na wanaonihitaji hasa si wabishi. Ni walio kazini. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga walicheza mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, na nusu ya Wanayanga wa hapa walikuwa mashambani wakilinda mpunga, na madebe ya kugonga na tochi, maana tembo hawana ratiba ya CAF. Walikuja kesho yake mmojammoja na macho mekundu, wakakaa kwenye mkeka, wakaangalia kufungwa 2-1 kwa ukimya ambao sijauona hata msibani. Mmoja wao aliniambia tu, "Kaka, bora ningebaki na tembo." Nikajua kazi yangu ina maana, ingawa sikujua ni ipi.

Novemba mwaka huohuo, Jumapili ya tarehe 5, ikaja dabi. Jirani yangu, Yanga wa kufa, zamu yake ya maji ya mfereji iliangukia jioni hiyohiyo. Zamu ya maji haiahirishwi. Ukiiacha, kitalu kinakauka na mwenzako wa chini anakushukuru. Akaja kuniaga kama anayekwenda vitani: nirekodi yote, na mtu yeyote asimwambie matokeo. Nikaweka saa 16:45, sawasawa kabisa. Nikachomeka flashi mpya, GB 32, ya kweli, nimeipima. Sikuwa nimeuliza imepangwa kwa mtindo gani.

Alirudi saa 2 usiku, matope hadi magotini, pamba masikioni. Kuvuka kijiji bila kusikia ilikuwa kazi. Bodaboda wa Yanga walikuwa wakipiga honi tangu jioni, lakini yeye alijiaminisha kwamba kuna harusi. Sebule ilikuwa imejaa, wote wanajua, wote wameapa kunyamaza. Baba mdogo alikaa pembeni na fulana yake nyekundu, hata chai hakugusa.

Nikawasha. Dakika ya tatu Musonda, jirani akaruka. Kibu Denis akasawazisha, akakaa. Mapumziko ni 1-1, naye anatusoma nyuso mmoja baada ya mwingine, sisi tunatazama dari. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli, halafu Aziz Ki, halafu Maxi tena. Nne kwa moja. Jirani alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, matope yote kwenye mkeka wa mke wangu. Na picha ikaganda. Dakika ya 81. Faili limejaa.

Katika ukimya ule baba mdogo alifungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu saa 1. "Basi," akasema. "Imekwisha. Nne."

"Shikamoo mzee," jirani akamjibu, bado kapiga magoti, "na dakika tisa?"

"Hazimo. Si umetaka ushahidi? Ushahidi huo hapo."

Wakaanza kumweleza wote kwa pamoja. Kwamba lipo la tano, penalti, Pacome Zouzoua. Mmoja akasema kipa aliruka kulia. Mwingine akaapa kushoto, yeye alikuwa karibu na kioo kuliko wote. Wa tatu akasema hakuruka kabisa, alisimama kama mlingoti. Mke wangu akatoka jikoni kuja kuwasahihisha na mwiko mkononi. Mechi iliisha kwangu saa 6 usiku.

Siku mbili baadaye kocha wa Simba akafutwa kazi, mimi nikajifunza exFAT. Tangu hapo mechi zangu zote ni kamili, na hakuna anayeziomba. Wanaomba ileile. Baba mdogo huwaletea wageni kutoka Pawaga waje waone kwa macho yao kwamba ilikuwa nne. Ikifika dakika ya 81, picha inaganda, chai inawekwa chini, na jirani yangu, ambaye jioni ile alikuwa mferejini na jembe, anasimama katikati ya sebule kupiga penalti ya bao la tano. Mwaka wa kwanza aliipiga chini, kulia. Sasa imeanza kugonga mwamba kwanza.